Ini Lenye Mafuta: Kutoka Unyafuzi wa Mtoto hadi Kitambi cha Kijana wa Kyela

"Kwani mimi nakunywa pombe?" Hilo ndilo swali la kwanza la vijana wengi wakiambiwa kwamba ini lao lina mafuta. La pili hufuata hapohapo: "Mbona hata sijanenepa kiasi hicho?" Maswali yote mawili yana mantiki, na yote mawili yametokana na historia. Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari walifundishwa kwamba ini la mafuta ni la walevi, kisha wakaongeza kwamba ni la wanene pia. Lakini katikati ya historia hiyo kuna sura ambayo sisi watu wa Afrika Mashariki tungepaswa kuijua kuliko mtu mwingine yeyote: sura ya ini la mafuta la mtoto mwenye njaa.

Leo nataka tuifuate safari ya ugonjwa huu hadi mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, yaani Kyela, Ipinda, Matema, Itungi, na ng'ambo ya mto Songwe kule Karonga. Ni eneo ambalo katika miaka isiyofika mia moja limepitia karibu kila kitu kinachohusika na ugonjwa huu.

Mtoto mwembamba, ini nono

Mwaka 1836 daktari Mwingereza Thomas Addison aliandika kuhusu maini ya watu waliokunywa pombe kupita kiasi, ambayo yalikuwa yamejaa mafuta. Kuanzia hapo, ini la mafuta na ulevi vikawa kama pacha. Lakini mwaka 1948 John Waterlow alichapisha ripoti maalumu kuhusu ugonjwa wa ini lenye mafuta kwa watoto wachanga wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Watoto hao hawakuwa wamenywa pombe wala kula sana. Walikuwa na utapiamlo.

Huku kwetu jambo hilo lilikuwa likionekana kila siku wodini. Cicely Williams alikuwa ameshaueleza ugonjwa huo mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, na mwaka 1935 akaupa jina alilolipata kwa Waga wa huko: kwashiorkor. Sisi tunasema unyafuzi, na mtaani kwashakoo. Mtoto huvimba miguu na uso, nywele hubadilika rangi, ngozi huchubuka. Hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell na wenzake walifuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi, na mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean wakatoa kitabu kizima juu yake. Mwili wa mtoto aliyekufa kwa unyafuzi ulipopasuliwa, ini mara nyingi lilikuwa kubwa na la manjano, limejaa mafuta.

Inakuwaje mtu mwenye njaa awe na mafuta ndani ya ini? Kazi ya ini si kuhifadhi mafuta. Mafuta yakifika, ini huyafunga kwenye vifurushi vidogo vyenye protini na kuvituma kwenye damu. Protini ikikosekana, vifurushi havifungwi, na mafuta yanabaki yamekwama kama magunia bandarini yasiyo na meli ya kuyabeba. Hayo ndiyo maelezo yaliyotawala kwa muda mrefu. Mwaka 2013 utafiti uliofuatilia jozi 317 za mapacha nchini Malawi ulionyesha kwamba habari ni pana zaidi. Pacha mmoja anaweza kupata unyafuzi na mwenzake asipate ingawa wanalelewa nyumba moja, na bakteria wa utumbo wana mchango wao.

Kwa hiyo shika jambo hili kabla hatujaendelea: mafuta ndani ya ini ni dalili kwamba hesabu ya kinachoingia, kinachotengenezwa na kinachotoka imeharibika. Njaa inaweza kuiharibu. Shibe pia.

Ndizi, maziwa na ukwangala

Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha na uwanda wa Kyela. Walikuta watu wa ndizi, maharage na maziwa, na ng'ombe ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba. Linganisha na Waganda wa wakati uleule: mtoto akiachishwa ziwa alipewa matoke, chakula chenye wanga mwingi na protini kidogo sana. Ndizi ni zilezile; tofauti ilikuwa kwenye kile kinachowekwa kando yake.

Kilichomvutia zaidi Monica Wilson kilikuwa namna ya kula. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakaishi na kula pamoja. Raha ile ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza iliitwa ukwangala. Na aliandika jambo lingine mwaka 1951: Wanyakyusa waliamini kwamba mchawi ana chatu tumboni, kitu kinachoweza hata kuonekana maiti ikipasuliwa, na kwamba kinachomsukuma mchawi ni uchu wa nyama na maziwa. Anayekula vizuri peke yake alijiweka hatarini.

Sisemi kwamba wazee walijua habari za ini la mafuta. Hawakujua, na imani hiyo iliumiza watu wengi wasio na hatia. Nalitaja kwa sababu linaonyesha uhusiano wa zamani kati ya tumbo, chakula kizuri na lawama. Hadi leo mtu akivimba tumbo, majirani huanza kutafuta kosa: amelogwa, au ni mlevi, au amekula cha mtu. Mgonjwa anayejua kwamba atahukumiwa hachelewi kujificha, na ini lake linaendelea kuharibika kimyakimya.

Mpunga, migodi na foleni ya sukari

Miaka hiyohiyo ya 1930 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliwavuta vijana wa kiume wa Rungwe. Baadaye walikwenda mbali zaidi, Rhodesia Kaskazini na Afrika Kusini, wengi wakipitia shirika la kuajiri wachimbaji ambalo wazee wetu wanalijua kama Wenela. P. H. Gulliver, aliyechunguza uhamaji huo katika miaka ya 1950, aliona jinsi ardhi ilivyokuwa inabana na jinsi mazao ya fedha yalivyogawana wilaya: kahawa milimani, mpunga uwandani karibu na ziwa.

Mpunga huo ndio mchele wa Kyela unaonukia ambao leo unasakwa Mbeya na Dar es Salaam. Kwa mkulima lilikuwa zao la kuuza kwanza. Wali ulikuwa chakula cha sikukuu na cha mgeni. Polepole ukawa chakula cha kila siku kwa mwenye uwezo, na mchele uliokobolewa ukasogeza pembeni ndizi na maharage.

Halafu ikaja miaka ambayo wazazi wetu wanaikumbuka vizuri. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uchumi ulibana, na watu wakapanga foleni kutafuta sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa zilirudi madukani. Mtu aliyewahi kuamka alfajiri kutafuta kilo ya sukari hawezi kuambiwa kirahisi kwamba chai yenye vijiko vinne ni tatizo. Chai tamu ni heshima kwa mgeni. Soda kwenye msiba au harusi ni ishara kwamba wenyeji wamejitahidi.

Wakati wembamba ulipokuwa hukumu

Kisha UKIMWI. Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana, na Kyela, mji wa mpakani wenye malori, mpunga na wasafiri wa ziwani, haikusalimika. Katika miaka ya 1990 mtu akipungua kilo kadhaa mtaa mzima ulikuwa umeshatoa majibu ya vipimo: "ana ngoma." Kunenepa kukawa cheti cha afya. Wengi wetu tulio na miaka ishirini na kitu tulilelewa na kizazi hicho, ndiyo maana ukirudi nyumbani likizo umeongezeka shavu unasifiwa, na ukirudi umepungua unaulizwa kuna nini.

Dawa nazo zina sehemu yake katika historia hii. Tanzania ilianza kutoa ARV bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Moja ya dawa za mwanzo, stavudini, iliokoa maisha ya watu wengi, lakini iliumiza viwanda vya nishati ndani ya seli, ikahamisha mafuta mwilini na kuweza kujaza ini mafuta. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe, na imeondoka. Dawa za sasa zenye dolutegravir ni salama zaidi kwa namna nyingi, ingawa baadhi ya watumiaji huongezeka uzito. Naomba hili lisomwe kwa makini: hakuna sababu hata moja hapa ya kuacha ARV. Sababu iliyopo ni ya kupima uzito, presha na sukari kila unapokwenda kliniki.

Jina linabadilika

Mwaka 1952 daktari Mmarekani Samuel Zelman alichapisha utafiti kuhusu maini ya watu wanene wasio walevi. Kilichomshtua mwanzoni kilikuwa ini la mhudumu mmoja wa hospitali aliyekuwa akinywa zaidi ya chupa 20 za soda kwa siku. Kati ya watu 20 wanene aliowafuatilia, karibu nusu walikuwa na mafuta mengi ya kutosha kwenye ini. Watu hawakulitilia maanani sana. Wagonjwa wengi waliosema hawanywi walionekana waongo tu.

Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa 20 ambao maini yao yalionekana kama ya walevi wakati hawakuwa walevi. Hapo ndipo jina la "ini la mafuta lisilotokana na pombe" liliposhika mizizi. Lilidumu zaidi ya miaka 40, likiwa na kasoro ya kuueleza ugonjwa kwa kitu ambacho si chanzo chake. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini duniani vilikubaliana kulibadilisha. Sasa unaitwa ugonjwa wa ini lenye mafuta unaohusiana na hitilafu za umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, na kifupi chake cha kimataifa ni MASLD. Sababu mojawapo ya kubadili ilikuwa kuondoa maneno yanayomwaibisha mgonjwa.

Kwa tafsiri hii mpya, mtu anaingia kwenye kundi hilo akiwa na mafuta kwenye ini pamoja na angalau kimojawapo kati ya hivi vitano: uzito uliozidi au kiuno kikubwa (zaidi ya sentimita 94 kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke), sukari iliyopanda, presha ya 130/85 au zaidi, mafuta ya trigliseridi yaliyopanda kwenye damu, au kolesteroli nzuri iliyoshuka. Kitu cha kwanza katika orodha hiyo unakipima kwa futi ya fundi cherehani.

Pombe bado ina nafasi yake. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi halisi. Kikomo cha kundi hili ni gramu 20 kwa siku kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume, yaani bia moja kwa mwanamke na moja na nusu kwa mwanamume. Anayepita hapo huku ana kitambi na sukari, mizigo miwili inajumlishwa juu ya ini moja. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, pombe kali ya bei ndogo ilipungua mikononi mwa vijana, lakini ukwangala wa siku hizi bado unafanyika baa, kwenye bia, kimpumu na nyama choma.

Hesabu za upande wetu

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya vijiji sita vya Tanzania, Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Kati ya watu zaidi ya 6,000, wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa watu wenye miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1 wana sukari iliyopanda na asilimia 26 wana uzito uliozidi. Tafiti hizi hazikupima umri uleule wala kwa njia ileile, na ule wa pili ulijumuisha mijini, kwa hiyo usizitoe moja kwa nyingine. Mwelekeo wenyewe lakini unaonekana. Miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito au wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015/16.

Upande wa pili wa Songwe, watafiti waliwapima watu wazima zaidi ya 28,000 wa Karonga vijijini na Lilongwe mjini kati ya 2013 na 2016. Wangonde wa Karonga ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili, wanakula samaki wa ziwa lilelile na wali wa uwanda uleule. Ripoti ya 2018 ilionyesha uzito uliozidi kuwa mwingi zaidi mjini, na zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, na kwamba wengi wenye presha au kisukari hawakuwa wanajua.

Kuna habari ya nafuu kidogo. Kule Dallas, Marekani, utafiti wa 2004 ulikuta ini la mafuta kwa asilimia 45 ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 33 ya Wazungu na 24 ya Weusi. Mwaka 2008 sehemu ya sababu ilipatikana: badiliko katika jeni iitwayo PNPLA3, ambalo ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini karibu mtu mmoja kati ya wanne bado ni wengi. Na sisi tuna mizigo yetu mingine, kama homa ya ini aina ya B na sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ambayo huumiza ini hilohilo.

Tukumbuke pia yule mtoto wa unyafuzi. Mwaka 1992 Hales na Barker walipendekeza kwamba mwili ulioonja njaa tumboni mwa mama au utotoni hujipanga kuishi kwa kidogo, na ukikutana na wingi ukubwani unashindwa, kisukari kikiwa mojawapo ya matokeo. Kama ni hivyo, eneo lililotoka kwenye uhaba hadi kwenye soda ndani ya kizazi kimoja lina sababu ya kuwa macho.

Mafuta yanatoka wapi?

Wengi wanadhani yanatoka moja kwa moja kwenye chipsi mayai. Utafiti mdogo wa 2005 ulifuatilia chanzo cha mafuta ndani ya maini ya wagonjwa. Karibu asilimia 59 yalitoka kwenye hifadhi ya mwili, hasa pale insulini inaposhindwa kuyazuia yasimwagike kwenye damu. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana na wanga na sukari. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula yalikuwa kama asilimia 15.

Kwa hiyo sahani ya wali uliojaa na usipa wawili pembeni, ikisindikizwa na soda yenye gramu 35 za sukari, inamhusu mwenye ini kuliko anavyodhani. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo sehemu kubwa yake hushughulikiwa na ini. Ongeza kwamba baba yake alikwenda shamba kwa miguu au baiskeli, naye anakwenda kwa bodaboda, au ndiye anayeiendesha kutwa nzima.

Ugonjwa hauumi. Mafuta yanaweza kukaa miaka, kisha kwa baadhi ya watu ini linavimba, linaweka makovu, linakuwa sirosisi au saratani. Ultrasaundi ya kawaida huona mafuta yakishakuwa mengi, na vipimo vya damu vya ini vinaweza kuja sawa. Hata kanuni inayotumika sana kukadiria makovu, FIB-4, haiaminiki vizuri kwa walio chini ya miaka 35. Kijana hawezi kungoja mashine imwambie.

Lakini katika hatua za mwanzo ini hujirudi. Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta, na asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe. Kwa mwenye kilo 80 hiyo ni kilo 4 hadi 8. Dawa zimeanza kuidhinishwa Marekani, ya kwanza ikiwa resmetirom mwaka 2024, ila bei yake si ya kuzungumzia Kyela kwa sasa. Yanayowezekana ni haya: soda iwe ya sikukuu kama wali ulivyokuwa zamani. Maharage na mbasa viongezwe, wali upungue nusu sahani. Mwendo wa miguu wa nusu saa hivi karibu kila siku. Chanjo ya homa ya ini B kwa ambaye hajapata. Na ukiwa na kiuno kilichopita kipimo, nenda kapime presha na sukari, maana mwenye ini la mafuta mara nyingi huuawa na moyo kabla ya ini.

Ukwangala wenyewe hauna kosa. Rika lililokaa pamoja kula linaweza pia kutembea pamoja hadi Itungi kuangalia meli, na mmoja wao akiambiwa ana mafuta kwenye ini, wakamsikiliza bila kumuuliza anakunywa chupa ngapi.